Karen Blixen: Aliyetibu wengine, akaficha donda lake

JINA la Karen hutajwa kila siku na makondakta wa matatu na mawakala wa ardhi jijini Nairobi. Ni wachache, hata hivyo, wanaojua mzigo alioubeba mwanamke ambaye wengi huuhusisha mtaa huo naye, mwandishi Karen Blixen.

Alizaliwa Rungsted, Denmark, tarehe 17 Aprili 1885. Mnamo 1895, kabla hajatimiza miaka 10, babake, Wilhelm Dinesen, aliyekuwa mwanajeshi, mwandishi na mbunge, alijitoa uhai. Baadhi ya waandishi wa maisha ya familia hiyo huamini kuwa alikuwa akiugua kaswende.

Januari 1914 Karen aliolewa mjini Mombasa na Bror von Blixen-Finecke wa Sweden. Wakaanza kulima kahawa chini ya milima ya Ngong, katika ardhi ambayo wakoloni waliwagawia walowezi. Haukupita muda mrefu ikabainika kuwa mume amemwambukiza kaswende. Mwaka wa 1915 alirejea Denmark kutibiwa. Penisilini ilikuwa bado kugunduliwa. Dawa za wakati huo zilikuwa zebaki na aseniki, zote mbili sumu.

Hakuwa na kosa, lakini aliibeba aibu kana kwamba ni yake. Kakake, Thomas, alikuwa miongoni mwa wachache aliowafungulia moyo.

Ajabu ni kwamba shambani mwake Karen hakuona haya kugusa maradhi ya wengine. Kila asubuhi aliwahudumia wagonjwa nyumbani kwake. Mmoja wao alikuwa mvulana Mkikuyu, Kamante Gatura, aliyejaa madonda miguuni. Aliposhindwa kumponya, alimpeleka katika hospitali ya wamishonari wa Scotland huko Kikuyu. Kamante alirudi mzima, akawa mpishi wake hodari. Huruma aliyompa mtoto huyo, Karen hakuweza kujipa mwenyewe.

Ndoa ilivunjika 1925. Mei 1931 mpenzi wake, Denys Finch Hatton, alikufa katika ajali ya ndege huko Voi. Mwaka uo huo shamba liliuzwa kwa madeni, naye akarudi Denmark. Huko aliandika vitabu vilivyompa sifa duniani kote, akitumia lakabu ya kiume, Isak Dinesen.

Sifa haikumponya. Kila maumivu ya tumbo na mgongo aliyahesabu kuwa kaswende ileile. Alimsimulia rafiki yake, mshairi Thorkild Bjørnvig, kwamba ugonjwa ulipomfungia mlango wa mapenzi, alimwahidi shetani roho yake ili yote yaliyompata yageuke hadithi. Alifariki tarehe 7 Septemba 1962 akiwa na umri wa miaka 77, amekonda mno.

Mnamo 1995 daktari wa Denmark, Kaare Weismann, alichunguza upya habari za maradhi yake, akatilia shaka kuwa kaswende ndiyo iliyomtesa hadi uzeeni. Huenda sumu ya dawa zenyewe ilichangia. Ikiwa ni hivyo, Karen aliishi miaka mingi akijiita kwa jina la ugonjwa uliokwisha kumwacha.

Maradhi yake hayakuwa ya akili, lakini njia aliyopitia inafahamika kwa wengi wanaougua akili. Jamii hunong'ona kwanza, kisha mgonjwa huyaamini maneno hayo na kujinyanyapaa. Hapo huacha dawa, hukwepa kliniki, huona kupona si haki yake.

Nchini Kenya, sheria yenyewe iliwahi kumhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hukumu ya mahakama imeondolewa. Ile ambayo mgonjwa hujitolea mwenyewe huanza kulegea anapopata mtu wa kumwambia, na mtu huyo asimgeuzie uso.

Nyumba ya Karen ni makavazi tangu 1986, na wageni huizuru kila siku. Kamante aliondoka pale na madonda yaliyoonekana na watu wote, akarudi amepona. Mwenye nyumba aliondoka na lake limefunikwa.