Ferdinand Porsche: Fundi aliyeunda haibridi kabla babu zetu hawajazaliwa

Ukisikia jina Porsche, unawaza gari la kasi la watu wenye pesa. Lakini mwenye jina hilo alikuwa mtoto wa fundi wa mabati, na alichounda akiwa na miaka 25 hivi ndicho wasee wanabishania leo kabla ya kununua gari: haibridi.

Ferdinand Porsche alizaliwa Septemba 3, 1875, kijijini Maffersdorf, Bohemia, ambako leo ni Jamhuri ya Czech. Babake alitaka arithi karakana, lakini kijana akili yake yote ilikuwa kwa umeme. Mchana alipiga nyundo, jioni akaenda masomo ya ufundi. Akiwa na miaka 18 alihamia Vienna kufanya kazi kwa kampuni ya umeme, na akipata nafasi alijipenyeza chuo kikuu kusikiliza mihadhara. Digrii hakuwahi kusomea. Mimi niliyeacha chuo nikifika hapo natabasamu, lakini tusijidanganye: cheti hakuwa nacho, kusoma hakuacha.

Mnamo 1898 alijiunga na Lohner, watengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi. Miaka miwili baadaye, kwenye maonyesho ya dunia jijini Paris, gari lao la umeme lilishangaza watu: mota zilikuwa ndani ya magurudumu ya mbele! Shida ilikuwa betri ya risasi, kama kilo 400, na chaji ikiisha umekwama.

Akapunguza betri, akaweka injini mbili ndogo za petroli. Hizo hazikuzungusha magurudumu. Zilizungusha jenereta, jenereta ikatoa umeme, umeme ukaenda kwa mota. Akaliita Semper Vivus, yaani hai daima kwa Kilatini. Toleo la kuuzwa, Mixte, likafuata 1901.

Mbona basi halikuteka dunia? Bei na uzito. Mitambo miwili ndani ya gari moja ni gharama mara mbili, na magari ya petroli tupu yalikuwa nafuu. Yaliuzwa machache sana.

Hakuliacha wazo, ila lilimpeleka pabaya. Katika Vita vya Pili mfumo huohuo wa petroli na umeme uliingia kwenye mtambo wa vita wa tani 65 uliopewa jina lake, Ferdinand. Na ukweli lazima usemwe: alimbunia Hitler gari la Volkswagen, akajiunga na chama cha Nazi 1937, na kiwanda kilitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Vita vilipoisha, Wafaransa walimfunga karibu miezi 20. Alifariki Stuttgart Januari 30, 1951. Haibridi ilingoja hadi 1997, Toyota ilipoanza kuuza Prius.

Swali lililomshinda ndilo letu: inalipa? Jibu liko barabarani kwako. Kwenye jam, haibridi ya leo huzima injini ikisimama, na ukikanyaga breki mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwa betri. Hapo mafuta yanabaki kwa tangi. Lakini ukienda Mombasa kwa mwendo mmoja, breki unaigusa mara chache, faida inapungua. Kwa mazingira, inachafua hewa kidogo kuliko ndugu yake wa petroli, lakini bado inachoma petroli.

Halafu sisi hununua yaliyotumika Japani. Gari likiwa na miaka saba, betri nayo ina miaka saba. Kwa hivyo kabla hujalipa, mwambie fundi aipime betri, kisha piga hesabu: bei iliyozidi, pamoja na betri mpya siku moja, dhidi ya mafuta utakayookoa kila mwezi. Dereva wa teksi anayezunguka Nairobi kutwa, chukua. Unayeendesha Jumapili tu kwenda kanisani, pesa yako haitarudi. Porsche alijenga gari zuri, hesabu ikamkataa. Wewe anza na hesabu.