Karoli Lwanga: Miezi Sita Kabla ya Moto



Kila tarehe 3 Juni Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda. Jina lake tunalo kila mahali: kwenye vigango, kwaya, shule, hata kwenye vyeti vyetu vya ubatizo. Tukimtaja, wengi tunafikiria moto wa Namugongo. Mimi nikisoma maisha yake, kinachonishika zaidi ni ile miezi sita iliyotangulia moto. Leo nataka tuitazame hiyo, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali ambalo vijana wengi huku kwetu Mkomaindo tunakutana nalo: nifanyeje pale kishawishi kinapotoka kwa mtu anayenilisha?

Kishawishi cha mtu baki ni rahisi kidogo. Unageuka, unaondoka. Lakini fikiria bosi anayemwambia binti kwamba ajira ipo ila kwa masharti ya chumbani. Fikiria tajiri anayemlipia mwanafunzi ada na simu, halafu anaanza kudai malipo. Fikiria msimu wa korosho, kijana amepewa kazi ya kupima mzigo ghalani, na mkubwa wake anamwambia aandike kilo pungufu za mkulima, wagawane. Hapo ukikataa, hupotezi starehe tu, unapoteza mkate. Karoli alikuwa hapo hapo, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mfalme.

Karoli alizaliwa Buganda katika miaka ya 1860. Neno la Yesu alilisikia kwanza kutoka kwa watumishi wenzake, katika boma la chifu mmoja. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walikuwa wamefika Buganda mwaka 1879, miongoni mwao Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera. Mwaka 1882 hali ikawa ngumu, wakavuka ziwa kuja upande wetu, Bukumbi kule Mwanza. Walirudi Buganda mwaka 1885. Katika miaka hiyo hapakuwa na padre hata mmoja kule, lakini imani haikufa. Waumini wachache waliobatizwa waliendelea kufundishana sala na katekisimu majumbani. Karoli ni tunda la walei wale.

Mwaka 1884 Kabaka Mutesa alifariki, mwanawe Mwanga akapokea kiti akiwa bado kijana mdogo. Karoli aliingia kazini ikulu. Huko walikuwepo vijana wengi, watoto wa machifu na wa watu wakubwa, walioletwa kumtumikia Kabaka. Kwa Muganda wa wakati ule hiyo ilikuwa bahati kubwa. Kijana aliyependwa na Kabaka aliweza kesho kupewa ardhi na uchifu, na ukoo wake wote ukainuka. Karoli alikuwa na kila sababu ya kufika mbali. Alikuwa na nguvu, hodari wa mieleka, mchapakazi, na vijana walimpenda. Akawekwa kuwasimamia baadhi yao, chini ya mkubwa wa watumishi, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa Mkatoliki.

Sasa, tatizo lilikuwa hili. Mwanga alitaka kuwatumia vijana wale kwa tamaa za mwili. Waliokuwa wanajifunza dini walikataa, na Yosefu Mukasa aliwakinga. Mwishoni mwa Oktoba 1885, askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka. Yosefu Mukasa alimwambia Mwanga wazi kwamba amekosa. Tarehe 15 Novemba 1885 na yeye akauawa, Mkatoliki wa kwanza kumwaga damu kwa ajili ya imani katika Uganda.

Nafasi ya Yosefu akapewa Karoli. Hebu tusimame hapa kidogo. Anapewa kiti cha mtu aliyeuawa siku ile ile, na anajua kabisa kilichomuua. Alikuwa bado mkatekumeni, hajabatizwa. Njia zilikuwepo. Angeweza kunyamaza na kuangalia pembeni vijana wanapoitwa. Angeweza kujipa moyo kwamba yeye mwenyewe hatendi dhambi, anatii tu amri, na kwamba mtu mwenye akili hagombani na mfalme. Hiyo nayo ingeitwa hekima mjini. Karoli alikwenda misheni, akabatizwa siku ile ile. Halafu akarudi kazini.

Hayo maneno mawili, akarudi kazini, ndiyo yanayonifundisha. Hakukimbia akawaacha wadogo peke yao, na wala hakwenda kumtukana Kabaka ili afe upesi. Kwa miezi sita alifanya kazi yake vizuri, akimtii mfalme katika kila jambo halali. Na kila siku alijipanga. Alijua nani yuko zamu, nani ameitwa, nani yuko hatarini. Kijana aliyetafutwa kwa ubaya alihakikisha haonekani, au ana kazi mahali pengine. Usiku aliwakusanya kwa siri, akawafundisha sala na kuwatia moyo. Mdogo kabisa kati yao alikuwa Kizito, wa miaka kama 14, ambaye Mwanga alimwandama mara kwa mara. Karoli alimlinda kama mdogo wake wa tumbo moja.

Ndugu zangu, hii ndiyo hekima ya Kimungu ninayoiona kwake. Sisi mara nyingi tunadhani kushinda dhambi ni kuwa na nguvu ya ajabu dakika ile kishawishi kimeshaingia ndani na mlango umefungwa. Karoli anatuonyesha kwamba vita inaamuliwa mapema: nani uko naye, unapita wapi, unasali saa ngapi, umeshamwambia nani ukweli. Yeye na vijana wake walikuwa wameshaamua kabla ya kuulizwa.

Na waliulizwa kweli. Tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alirudi kutoka kuwinda akiwa na hasira, akakuta watumishi hawapo karibu. Akagundua kwamba kijana Dionisi Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha mwenzake dini. Alimjeruhi kwa mkuki, na Dionisi akauawa. Usiku ule ikulu ya Munyonyo kila mtu alijua kesho itakuwaje. Padre hakuwepo. Karoli mwenyewe akawabatiza wakatekumeni waliobaki, wakiwemo Kizito, Gyavira, Mugagga na Mbaga Tuzinde. Wakakesha wakisali.

Asubuhi Kabaka aliwaita wote mbele yake. Akaamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Karoli alikuwa wa kwanza kusogea, na wadogo wakamfuata. Hakuwahutubia. Walimfuata kwa sababu walikuwa wamemwona kwa miezi sita.

Wakafungwa kamba, wakapelekwa kwa miguu hadi Namugongo. Baadhi yao waliuawa njiani. Waliofika walikaa kifungoni takriban wiki nzima huku kuni zikikusanywa. Wiki hiyo naiona kuwa kishawishi kikubwa kuliko vyote, maana mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Kilichotakiwa ni kukana tu. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa nyumbani kwa mkuu wa wauaji mwenyewe, Mukajanga, na ndugu zake walimsihi mno akubali kujiokoa. Hapo kishawishi hakikuja na sura ya ubaya, kilikuja na machozi ya watu wanaompenda. Hakukubali.

Tarehe 3 Juni 1886, Alhamisi ya Kupaa Bwana, Karoli alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, kwa moto wa polepole ulioanzia miguuni. Alikufa akimwita Mungu. Wenzake 12 Wakatoliki walikufa siku hiyo, pamoja na Waanglikana, wakisali kwa sauti. Mashahidi Wakatoliki wa mateso yale kwa jumla ni 22. Papa Benedikto XV aliwatangaza wenyeheri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Na Mwanga? Alipinduliwa mwaka 1888, akarudi, akapinduliwa tena, mwisho Waingereza wakamhamishia visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana, akafa mwaka 1903. Sisemi hivyo kumcheka. Nasema ili tuone kwamba yule aliyeonekana ana kila kitu cha kutoa, kiti chake hakikudumu hata miaka mitatu baada ya moto ule. Na tuone pia kwamba huruma ya Mungu ilimfuata hata yeye mbali kule. Sala za watoto wale, nani ajuaye zilifika wapi.

Karoli alipokufa, Wabenediktini walikuwa bado hawajafika kwetu. Misheni ya Lukuledi ilianza mwaka 1895, miaka tisa baadaye. Babu zetu walipoanza kujifunza ishara ya msalaba, damu ya vijana Waafrika ilikuwa tayari imeshamwagika kwa ajili yake. Kwa hiyo mtu asikuambie usafi wa moyo ni mambo ya Wazungu, au ya watu wa zamani ambao hawakuwa na vishawishi. Walikuwa navyo, tena vilivaa taji.

Nirudi kwa wewe unayelishwa na mtu anayekutaka dhambi. Siwezi kukuambia ni jambo jepesi. Kodi ya chumba inadaiwa, nyumbani wanasubiri hela, na kazi Masasi hazipatikani kama embe. Lakini Karoli anatupa mambo matatu ya kufanya kuanzia wiki hii.

Kwanza, amua mapema. Usingoje uitwe ofisini jioni ndipo uanze kufikiri. Sema mbele za Mungu, kwenye sala, nini hutafanya kwa bei yoyote ile.

Pili, usibaki peke yako. Vijana wa Munyonyo walisimama kwa sababu walikuwa kundi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini: mzazi, katekista, padre, mlezi wa vijana. Siri ndiyo chumba ambacho shetani anakifanyia kazi vizuri. Na kama unadaiwa rushwa ya ngono, jua kwamba ni kosa la jinai, TAKUKURU wanapokea malalamiko. Kutafuta msaada si udhaifu. Karoli mwenyewe aliwaficha watoto, hakuwaambia wavumilie tu.

Tatu, mkinge mdogo wako. Kama umepewa nafasi, hata ndogo, monita, kiongozi wa kwaya, msimamizi wa duka, jiulize nani yuko chini ya mkono wako na anapita kwenye hatari gani. Hekima ya Karoli haikuishia kujiokoa mwenyewe.

Na kama umeshaanguka, usikae nje ukilia. Kitubio kipo. Mungu aliyemfuata Mwanga hadi Shelisheli anajua njia ya Mkomaindo.

Tusali: Ee Mungu, uliyempa Karoli Lwanga moyo wa kukuchagua wewe mbele ya mfalme, utupe hekima ya kujipanga kabla ya kishawishi, ujasiri wa kusema hapana kwa anayetulisha, na upendo wa kuwalinda wadogo zetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.