Askofu Aliyemsifu Kaisari

Soma kwa ajili ya somo hili: 2 Samweli 12:1-14, 1 Timotheo 2:1, 2.

Eusebio alikuwa askofu wa Kaisaria katika Palestina. Aliyajua mateso. Mwaka 303 Kaisari Diokletian aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto. Mwaka 310 Pamfilo, mwalimu mpendwa wa Eusebio, aliuawa kwa ajili ya imani yake. Habari nyingi tulizo nazo za wafia dini wa Palestina zimetufikia kwa kalamu ya askofu huyu.

Kisha akainuka Konstantino. Mateso yakakoma, na makanisa yakajengwa kwa fedha za serikali. Mwaka 325, wakati wa Baraza la Nikea, Kaisari aliwaalika maaskofu karamuni. Walipita katikati ya askari wenye panga bila hofu. Eusebio aliiona karamu ile kuwa kama picha ya ufalme wa Kristo.

Mwaka uliofuata Konstantino aliamuru Krispo, mwanawe mwenyewe, auawe. Eusebio alikuwa amemsifu kijana huyo katika Historia ya Kanisa. Sasa jina lake likaondolewa kitabuni. Mwaka 336, katika sherehe za miaka 30 ya utawala wa Konstantino, askofu alisimama mbele yake akautangaza utawala huo kuwa mfano wa utawala wa mbinguni. Kaisari alipofariki mwaka 337, Eusebio aliandika maisha yake, na kifo cha Krispo hakukitaja. Konstantino alizikwa katikati ya kumbukumbu za mitume kumi na wawili.

Shukrani ya Eusebio ilikuwa ya haki. Kosa ni kwamba shukrani iliufunga mdomo wake. Nabii Nathani naye alimpenda Daudi, na ndiye aliyempelekea ahadi ya kiti cha enzi cha milele. Hata hivyo, damu ya Uria ilipomwagika, Nathani hakunyamaza. Kwa sababu hiyo Daudi alipata nafasi ya kutubu. Nani alimpa Konstantino nafasi hiyo?

Tunaagizwa kuwaombea wenye mamlaka. Kuwaombea si kuwaabudu.

Jadilini darasani: Kiongozi wa nchi anapochangia ujenzi wa kanisa letu, tumshukuruje bila kuuza haki yetu ya kumwambia kweli kesho?