Siti binti Saad, muuza vyungu aliyeingiza Kiswahili kwenye santuri

Mugunga iko magharibi ya mji wa Goma, kwenye barabara inayoelekea Sake. Kwa miaka mingi vita vimewakutanisha hapo watu wa Masisi, Rutshuru, Kalehe na kwingineko. Kila mmoja alifika na lugha ya kwao, lakini sokoni, kwenye bomba la maji na kwenye nyimbo za kilio au za arusi, wanasikilizana kwa Kiswahili.

Lugha hiyo ilifika mashariki ya Kongo pamoja na misafara iliyoanzia Zanzibar, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kufika Kasongo na Nyangwe katika Maniema. Njia ileile ilitumiwa kuwapeleka watu pwani wakiwa watumwa. Wengi hawakurudi. Watoto wao walizaliwa Unguja, wakakua bila shamba wala ukoo wa kuwatetea. Kati ya watoto hao alitoka mwimbaji wa kike aliyejulikana kuliko wote katika Afrika ya Mashariki wakati wake: Siti binti Saad.

Alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Zanzibar. Upande wa baba alikuwa Mnyamwezi, watu wa Tabora. Upande wa mama, Mzigua. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa, na lilieleza wazi hali ya familia yake. Amri ya kufuta utumwa Zanzibar ilitolewa mwaka 1897, yeye akiwa tayari msichana mkubwa. Lakini amri hiyo haikuwapa watu ardhi wala heshima. Aliyekuwa mtumwa jana alibaki maskini leo.

Mama yake alifinyanga vyungu, na yeye akajifunza kazi hiyo. Alivibeba kichwani kwa miguu kutoka Fumba hadi mjini, akavizungusha mtaa kwa mtaa. Ili wanunuzi wajue kwamba amefika, aliimba. Sauti yake ilisikika kutoka mbali, na watu walianza kumngojea kwa ajili ya sauti kuliko vyungu.

Mwaka 1911 aliacha kijiji na kuhamia mjini. Hakukaa Mji Mkongwe, penye nyumba za mawe za Waarabu, Wahindi na Wazungu. Alikaa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari, kwenye vibanda vya udongo. Hapo waliishi waliokuwa watumwa na watoto wao: Wanyamwezi, Wayao, Wazaramo, na Wamanyema waliotoka upande wa Kongo. Ng'ambo ndiyo ilimpa nyimbo zake nyingi.

Wakati huo taarab ilikuwa muziki wa wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alituma mtu Misri kujifunza muziki huo ili upigwe katika jumba lake. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Wapigaji walikuwa wanaume na maneno yalikuwa ya Kiarabu. Mwanamke maskini wa Ng'ambo hakuwa na nafasi hapo, na wasikilizaji wengi wa Kiswahili hawakuelewa kilichoimbwa.

Ali Muhsin, mmoja wa watu wa chama hicho, alimsikia mwanamke huyo wa Fumba na kukubali kumfundisha. Alijifunza namna ya kuimba na udi, akajifunza pia maneno ya Kiarabu. Baadaye alikutana na wanamuziki waliokuwa na hali kama yake, wakiwemo Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban. Pamoja wakaunda kundi lililoalikwa kwa matajiri na hata mbele ya Sultani. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, neno la Kiarabu linalomaanisha bibi mwenye heshima.

Aliweza kubaki mwimbaji wa majumba makubwa tu. Lakini usiku mwingi, nyumbani kwake Ng'ambo, majirani walijaa kumsikiliza akiimba kwa Kiswahili. Kundi lilizungumza habari za mchana, likatunga wimbo juu yake, na katikati ya nyimbo wanamuziki waliigiza vichekesho vidogo. Watu walicheka wakiona mambo yao wenyewe: karani mwizi, mume mkali, tajiri anayemdhulumu maskini.

Wimbo wake unaokumbukwa zaidi unaitwa Kijiti, na ulitokana na kisa cha kweli. Mwanamke mgeni aliyekuja kutembea Zanzibar aliuawa akiwa na mimba. Mwanaume aliyetajwa kuwa muuaji alivuka bahari, akatoroka. Wanawake waliokuwa na marehemu walikwenda tribinali kutoa ushahidi. Mwisho wa kesi, wao ndio waliofungwa, kwa sababu ya pombe iliyonunuliwa siku ile. Siti aliimba kisa hicho kwa majina, na jaji hakuachwa nje ya wimbo. Wanawake wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti wala mwakilishi serikalini. Wimbo ndio uliobaki kuwa rekodi yao ya namna sheria ilivyowatendea.

Mwezi wa tatu mwaka 1928, Siti na kundi lake walipanda meli kwenda Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Walikuwa kati ya wasanii wa kwanza kabisa wa Afrika ya Mashariki kuingia kwenye santuri. Kampuni ilikuwa inatafuta soko jipya, na ilishangaa: santuri za Kiswahili zilinunuliwa kwa maelfu. Gramofoni zilikuwa ghali, kwa hiyo watu walikusanyika kwenye mikahawa na kwenye nyumba za wenye nacho ili wasikilize pamoja. Waliokuwa wakiambiwa kwamba lugha ya sanaa ni Kiarabu walisikia lugha yao ya kila siku ikitoka kwenye mashine.

Mwaka huohuo watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa matajiri waliojidai wenye viwanja. Mtaa wa maskini ulikuwa umeanza kusema kwa sauti, na Siti alikuwa sauti yake iliyojulikana zaidi.

Sifa hizo zilimletea pia matusi. Wapinzani walitunga wimbo wa kumkumbusha kwamba alifika mjini akiwa amevaa kaniki, kitambaa cheusi cha watumwa, na kwamba hakuwa mzuri wa sura. Alijibu kwa wimbo mwingine, kwamba uzuri wa uso si hoja, na kuendelea na kazi. Hakujaribu kuficha Fumba wala vyungu.

Karibu na mwisho wa maisha yake alitembelewa na mwandishi Shaaban Robert kutoka Tanganyika, aliyetaka kusikia habari zake kutoka kinywani mwake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mazungumzo hayo yalizaa kitabu Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho vizazi vya wanafunzi vimekisoma. Kwa mwandishi mkubwa wa Kiswahili kuchagua kuandika maisha ya mwanamke aliyezaliwa utumwani lilikuwa jambo zito kwa wakati ule.

Waimbaji wa kike waliomfuata walipita mlango alioufungua. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alisema kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania nao walilipa jarida lao jina la Sauti ya Siti.

Santuri zake za zamani zina mikwaruzo, na baadhi ya maneno ni ya Unguja ya wakati ule. Hata hivyo, mama wa Mugunga akisikia kisa cha wanawake waliotoa ushahidi kisha wakafungwa, hahitaji mtu wa kumtafsiria.