Maisha ya Seyyid Said bin Sultan na Siri ya Tumba la Karafuu

Bismillahi Rahmani Rahimi. Ama baada: ewe ndugu msomaji, Seyyid Said bin Sultan alizaliwa Omani mwaka wa 1791, na mwaka wa 1806 akashika ufalme naye angali kijana. Pemba aliitwaa kwa Mazrui wa Mombasa, na mwaka wa 1828 akafika Unguja. Hatimaye akahamishia huko makao yake.

Mikarafuu ilikuwa imekwisha kuletwa kutoka visiwa vya Wafaransa, lakini ni yeye aliyeieneza. Yasimuliwa kwamba aliamrisha kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Wala si halali kuficha haya: kazi ile ilifanywa kwa mikono ya watumwa, wasiopata fungu katika faida yake.

Alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirejea kutoka Omani, akazikwa Unguja. Mwaka wa 1861 dola yake ikagawanywa baina ya wanawe wawili. Tufani ya mwaka wa 1872 ikaangusha mikarafuu ya Unguja. Ya Pemba mingi ikasalimika, na Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu.

Sasa tazama alichokipanda. Chini ya ngozi ya tumba la karafuu mna vifuko vidogo mno vilivyojaa mafuta. Kwa hivyo karafuu kavu hudumu na harufu yake. Lakini mafuta yakisha kutolewa kwa mvuke, kama yatolewavyo katika makonyo huko Wawi, hayana tena kifuko: joto huyarusha, hewa na mwanga huyaharibu. Basi wataalamu wa leo huyarudishia chombo. Huyakoroga katika maji yenye utomvu wa mgunga mpaka yawe matone madogo sana, kisha huyanyunyiza penye hewa ya moto. Maji hukauka, na kila tone hubaki ndani ya ganda jembamba, yote yakawa unga. Ganda likilowa, mafuta hutoka, na wakichagua ganda lisiloyeyuka upesi, hutoka kidogo kidogo, yakafaa katika dawa na chakula.

Ndugu zangu wa Pemba, ufalme wa Seyyid umepita, mti umebaki. Mwenye kuuza tumba pasi na kujua lililomo humwachia mwingine faida. Basi wasomesheni watoto wenu ilmu hii, na kila mchumaji mpeni haki yake, isiwe kama ya waliotangulia. Wallahu aalam.