Jay Miner: Picha safi ilikuwamo ndani ya Atari tangu 1977

Mhandisi Jay Miner alifariki dunia Juni 20, 1994, katika mji wa Mountain View, jimbo la California, akiwa na umri wa miaka 62. Ilikuwa haijatimia hata miezi miwili tangu kampuni ya Commodore, iliyouza kompyuta aliyoipenda kuliko zote, itangaze kufilisika.

Wapenzi wa kompyuta za zamani humwita baba wa Amiga. Lakini hata msomaji ambaye hajawahi kuiona Amiga huenda aliwahi kukaa mbele ya kazi yake. Miner ndiye aliyeongoza usanifu wa chipu inayochora picha kwenye Atari 2600, mashine ya michezo iliyoingia sebuleni mwa mamilioni ya watu.

Siku hizi mashine hiyo imepata mashabiki wapya. Huinunua kuukuu, huifungua na kuirekebisha ili itoe picha safi kwenye televisheni za leo. Wanachokikuta ndani ni habari nzuri kumhusu marehemu: picha safi haihitaji kutengenezwa upya, kwa sababu ilikuwamo tangu 1977.

Jay Glenn Miner alizaliwa Mei 31, 1932, Prescott, jimbo la Arizona, na akakulia kusini mwa California. Alipomaliza sekondari alijiunga na kikosi cha walinzi wa pwani wa Marekani, na huko ndiko alikojifunza mambo ya umeme na redio. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akahitimu uhandisi.

Katika miaka ya 1960 alianza kusanifu chipu, wakati fani yenyewe ilikuwa bado changa, na akashiriki kutengeneza chipu za mashine za kupigia hesabu. Mwaka 1973 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya chipu ya Synertek. Katikati ya muongo huo Atari ikamchukua, ikiwa na kazi ngumu ya kumpa.

Atari ilitaka mashine ya nyumbani inayobadilishwa michezo kwa kubadili kaseti, na bei yake isizidi sana dola 200. Tatizo lilikuwa kumbukumbu. Wakati ule kumbukumbu ya kuhifadhi picha nzima ya skrini ilikuwa ghali mno, na mashine hii ilipewa baiti 128 tu. Hiyo ni nafasi ya kuandika sentensi moja au mbili, basi.

Miner, akisaidiana na kijana Joe Decuir, alisanifu chipu iliyoitwa TIA. Chipu hii haihifadhi picha. Inajua mstari mmoja tu wa skrini, na programu ya mchezo lazima iiambie cha kuchora wakati mwale wa televisheni unapita, mstari baada ya mstari, mara 60 kwa sekunde. Programu ikichelewa kidogo tu, picha inaharibika. Kwa njia hiyo mashine ndogo iliyoingia madukani mwaka 1977 iliweza kuonyesha rangi 128.

Sasa tuje kwenye suala la ubora wa picha. TIA hutoa picha yake vipande vipande, kila kipande kwenye mguu wake. Miguu mitatu inabeba kiasi cha mwanga, mmoja unabeba rangi, na mwingine unabeba ishara ya kuiambia televisheni mstari unaanzia wapi. Sauti nayo ina njia yake. Vikitoka kwenye chipu, vitu hivi bado viko mbalimbali na ni safi.

Lakini televisheni za 1977 hazikuwa na tundu la video, zilikuwa na tundu la antena tu. Kwa hiyo Atari ililazimika kuchanganya mwanga, rangi na sauti pamoja, kuvipitisha kwenye moduleta, na kuvitoa kama vile ni matangazo ya kituo cha televisheni. Mwenye nyumba aliweka chaneli 2 au 3, kisha akacheza. Televisheni nayo ilifanya kazi ya kutenganisha tena kilichochanganywa, na kila hatua ilipunguza kitu. Ndiyo maana wengi wanaikumbuka Atari kwa chenga, rangi zinazovuja pembeni na mvumo kwenye spika.

Rangi zenyewe zilitegemea pia nchi. Mashine ya Marekani, kwa mfumo wa NTSC, ilitoa rangi 128. Ile ya mfumo wa PAL, uliotumika Uingereza na pia Tanzania, Kenya na Oman, ilitoa 104. Ile ya Ufaransa, kwa mfumo wa SECAM, ilitoa rangi 8 tu. Waliowahi kusafirisha mashine ya video au ya michezo kutoka Marekani kwenda nyumbani wanaijua adha hii: waya unaingia vizuri, lakini picha inakuja nyeusi na nyeupe au inapanda na kushuka.

Marekebisho wanayofanya mafundi wa leo ni mafupi kueleza. Wanaitoa moduleta kwenye njia ya picha, wanachukua ishara karibu na chipu yenyewe, wanazipitisha kwenye rezista chache na transista ya kuzipa nguvu, kisha wanazitoa kwenye tundu jipya. Anayetaka urahisi hutoa video ya waya wa njano, ambamo mwanga na rangi vinasafiri pamoja. Anayetaka zaidi hutoa S-Video, ambamo kila kimoja kina waya wake kama kilivyotoka kwenye chipu. Wapo pia wanaofunga kibodi kidogo cha kisasa kinachosoma ishara za TIA na kutoa nyekundu, kijani na buluu mbalimbali.

Matokeo yake humshangaza aliyezoea chenga. Herufi zina kingo, anga ni buluu moja bila madoa, na vitu vidogo vinavyoruka vinaonekana kama vilivyokusudiwa. Hakuna kilichoongezwa kwenye mchezo. Kilichofanyika ni kuondoa vizuizi vilivyowekwa kati ya chipu na macho ya mtazamaji.

Tukirudi kwa Miner mwenyewe, baada ya hapo aliongoza pia kazi ya chipu za kompyuta za Atari 400 na 800, zilizotoka 1979. Kisha akapendekeza kompyuta mpya itakayotumia prosesa ya Motorola 68000, yenye nguvu kubwa kwa wakati ule. Wakuu wa kampuni hawakukubali, na Miner akaondoka. Kwa muda alifanya kazi kwenye kampuni nyingine ya chipu, zikiwemo za vifaa vya kusaidia mapigo ya moyo.

Mwaka 1982 alipata nafasi ya kutimiza ndoto yake. Kampuni ndogo iliyokuja kuitwa Amiga ilianzishwa Santa Clara, California, naye akaongoza usanifu. Fedha ziliwaishia mapema. Mwaka 1984 walikopa dola 500,000 kutoka Atari, kwa sharti kwamba wasipolipa hadi mwisho wa Juni, teknolojia ya chipu zao ingeangukia mikononi mwa Atari. Miner alikuwa karibu kuipoteza kazi yake kwa kampuni ile ile aliyoiacha kwa sababu iliikataa. Commodore ikajitokeza dakika za mwisho, deni likalipwa, na Amiga ikawa mali yake.

Amiga 1000 ilizinduliwa New York Julai 23, 1985, na msanii Andy Warhol alichora kwa kompyuta hiyo mbele ya wageni picha ya mwimbaji Debbie Harry. Iliweza kuonyesha hadi rangi 4,096 kwa pamoja. Na tofauti na Atari ya 1977, ilikuwa na matundu yanayotoa nyekundu, kijani na buluu kila moja kwenye waya wake, bila mtu kulazimika kuifungua. Kwa kifaa cha ziada, picha zake ziliweza kuwekwa juu ya picha za televisheni, na watengenezaji wa vipindi waliitumia miaka mingi kwa maandishi na picha za kuchora.

Ndani ya kifuniko cha Amiga 1000 mna saini za waliotengeneza mashine hiyo. Katikati yao kuna alama ya unyayo wa mbwa. Huyo ni Mitchy, mbwa mdogo wa Miner aliyekuwa akienda naye kazini.

Kazi yote hiyo ilifanywa na mtu mgonjwa. Miner alisumbuliwa na figo kwa sehemu kubwa ya maisha yake na alitegemea mashine ya kusafishia damu, hadi dada yake alipomtolea figo moja. Hatimaye matatizo ya ugonjwa huo ndiyo yaliyomwondoa, na akamwacha mkewe, Caroline.

Chipu ya TIA haitengenezwi tena. Kila iliyobaki ni mojawapo ya zile zilizotoka kiwandani kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1990, na umeme mdogo wa mwili au joto la mkono usio na uzoefu unatosha kuiua. Kwa hiyo msomaji mwenye Atari ya zamani stoo, iwe Muscat, Leicester au Mombasa, akitaka kuirekebisha, asiharakishe. Aichomoe kwenye umeme, aguse kitu cha chuma kabla ya kugusa bodi, asikate waya asioujua, na kama hajawahi kushika chuma cha risasi, ampelekee fundi wa redio anayemwamini. Fundi huyo hatakuwa na mengi ya kufanya, kwa sababu sehemu ngumu Jay Miner alishaimaliza.