Wang Anshi: Waziri wa China aliyewakopesha wakulima

Mikopo ya kilimo yenye dhamana ya kikundi si jambo geni duniani. Zaidi ya miaka 900 iliyopita, waziri mmoja wa China, Wang Anshi, aliifanya kuwa sera ya taifa, akiamini kuwa nguvu ya dola huanzia shambani na sokoni.

Wang alizaliwa mwaka 1021 katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Jiangxi, wakati wa utawala wa ukoo wa Song. Alifaulu mtihani mkuu wa utumishi wa serikali mwaka 1042, lakini kwa miaka mingi alipenda kufanya kazi mikoani kuliko makao makuu.

Mwaka 1047 alipewa wilaya ya Yin, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Ningbo. Huko alikarabati mifereji na mabwawa, kisha akafungua ghala la serikali na kuwakopesha wakulima nafaka. Walirejesha baada ya mavuno pamoja na riba. Mkulima alivuka kipindi cha njaa, na ghala likapata nafaka mpya badala ya ile ya zamani.

Wakati huo China ilikuwa na biashara kubwa, lakini hazina yake ilielemewa. Jeshi lilikuwa na askari zaidi ya milioni 1. Juu ya hapo, tangu mwaka 1042 serikali ililipa dola jirani ya Liao zaidi ya tani 7 za madini ya fedha na majora 300,000 ya hariri kila mwaka ili kupata amani. Mfalme kijana Shenzong alichoshwa na hali hiyo, na mwaka 1069 akampa Wang jukumu la kurekebisha uchumi.

Mwaka huo huo ulianza mkopo wa miche. Serikali ilimkopesha mkulima mara mbili kwa mwaka, mazao yakiwa bado shambani, kwa riba ya asilimia 20 kwa msimu. Matajiri wa vijijini walitoza zaidi ya hapo. Kaya zilidhaminiana kwa vikundi, na deni lililipwa pamoja na kodi baada ya mavuno.

Wafanyabiashara wadogo nao walikumbukwa. Katika mji mkuu, Kaifeng, matajiri wachache wa chai walinunua kwa bei ya chini kutoka kwa wageni na kuwauzia wachuuzi kwa bei ya juu. Mwaka 1072 Wang alianzisha ofisi ya serikali ya kununua bidhaa hizo na kuwakopesha wachuuzi. Kumbukumbu za serikali zinaonyesha pia kuwa kati ya mwaka 1070 na 1076 miradi zaidi ya 10,000 ya maji ilitekelezwa.

Tatizo lilikuwa katika utekelezaji. Maofisa walipimwa kwa kiasi walichokopesha na kukusanya, hivyo wengi waliwalazimisha watu kukopa, hata wasiohitaji. Wakulima waliotakiwa kulipa kwa sarafu waliuza nafaka wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa. Mvua ilipokosekana, riba ilibaki pale pale. Msaada ukageuka kuwa kodi nyingine.

Mwaka 1074, wakati wa ukame mkali, ofisa mdogo aitwaye Zheng Xia alimpelekea mfalme mchoro wa wakulima waliokimbia vijiji vyao kwa njaa. Wang alijiuzulu. Alirudi madarakani mwaka 1075, akaondoka moja kwa moja mwaka 1076, mwaka aliofiwa na mwanawe, na kwenda kuishi karibu na Nanjing.

Shenzong alifariki mwaka 1085. Mpinzani mkuu wa Wang, Sima Guang, alishika uongozi na kuanza kufuta sera zile. Wang alifariki mwaka 1086, akiwa ameshuhudia kazi yake ikivunjwa. Miezi michache baadaye Sima naye alifariki.

Wanahistoria bado wanabishana juu yake. Lakini tofauti kati ya Yin na taifa zima iko wazi. Wilayani, mkopeshaji aliwajua wakopaji na mashamba yao. Kitaifa, ofisa alijua tarakimu alizotakiwa kufikisha makao makuu. Riba nafuu peke yake haikutosha kumwokoa mkulima.